Prosesa Uliyokuwa Unaifuata Makambako

Joeli mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimesimama. Nimejaribu kukaa, kiti kimenishinda. Tangu mwezi wa sita sijawahi kukaa chini nikamaliza chai yangu ikiwa bado ya moto, na sasa ni mwezi wa tisa, miche ya parachichi imeshatoa majani mapya, na mimi bado nazunguka kitaluni kama mtu aliyepoteza funguo. Daftari hili ni lile la kuandikia miche. Nimeliweka juu ya pipa la maji, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda, usinicheke.

Siwezi kukuuliza habari za huko. Nitakueleza za huku, maana zimekuwa nyingi, nyingine za aibu, na hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwambia zote. Ukimaliza kusoma utaelewa kwa nini.

Siku ya tatu ya msiba wako Oska alikuja kukaa karibu nami kwenye benchi, pale nje. Alikuwa na kikombe cha chai na macho mekundu. Nadhani alitaka tu kuongea habari zako na mtu anayekupenda, na fundi kompyuta akitaka kumlilia rafiki yake atazungumza kompyuta, hana lingine. Akaniambia, "Dada Rehema, ile kadi uliyomletea ilikuwa kubwa kuliko prosesa yake. Alihangaika nayo sana. Aliniambia itabidi aende Makambako kutafuta prosesa." Kisha akanywa chai yake. Hakujua alichonifanyia.

Kwa sababu wewe ulikufa kwenye barabara ya Makambako. Alhamisi asubuhi ulipita kitaluni umevaa lile koti la bluu, ukasema unakwenda Makambako mara moja, jioni unarudi. Sikukuuliza unafuata nini. Nilikuwa nafunua miche niliyoifunika kwa ajili ya sakitu, ile baridi inayogandisha umande, mikono imekufa ganzi, nikakujibu bila kugeuka. Gari mlilopanda likaacha barabara kwenye ukungu kabla hamjafika. Na mimi pale kwenye benchi nikaviweka vitu viwili pamoja: kadi yangu, na safari yako. Tangu hapo nikawa na swali moja tu, nalala nalo, naamka nalo. Je, zawadi yangu ndiyo iliyokupandisha kwenye gari lile?

Unakumbuka siku niliyokuletea. Nilikuwa nimepeleka miche Mbeya, biashara imekwenda vizuri, kichwa kimevimba. Nikaingia dukani nikamwambia muuzaji nataka kadi ya grafiki ya mdogo wangu, iliyo kubwa, ile ambayo akiiona atanyamaza. Akaniuliza mashine yake ina prosesa gani. Mimi huyo, nisiyetaka kuonekana mshamba, nikasema mpya. Mpya! Mashine uliyoiokota kipande kipande kwa miaka minne, prosesa yake ulipewa na mtu aliyekuwa anatupa. Muuzaji akanifungia kadi kwenye boksi kubwa jeusi, nikaipakata njia nzima mpaka Njombe.

Na kweli ulinyamaza. Ulilifungua boksi, ukaitoa, ukaigeuza huku na huku, ukagusa vifeni vyake viwili kwa kidole. Ukasema, "Dada, kaa kwanza." Ulikuwa unaniambia hivyo kila siku kwa sababu sikai, lakini siku ile ilikuwa ni wewe unayehitaji mtu akae. Nikakaa. Ukanikumbatia. Wiki iliyofuata nikawa nakusikia chumbani unaguna, unafungua skrubu, unafunga. Nikikuuliza kama kadi inafanya kazi unasema inafanya, inafanya. Sasa najua ulikuwa unanistahi.

Oska alikuja kunifundisha baadaye, nilipomsumbua mpaka akachoka. Alisema ndani ya mashine kuna wawili wanaoliendesha gemu. Prosesa inahesabu: lori lako liko wapi, gari la mbele linafunga breki saa ngapi, mzigo una uzito gani, mlima umebaki kiasi gani. Ikishahesabu ndipo inaipa kadi kazi ya kuchora barabara, miti, na mvua kwenye kioo. Kadi ikiwa dhaifu, prosesa inaisubiri. Prosesa ikiwa ya zamani na kadi ina nguvu, basi kadi inamaliza kuchora halafu inakaa bure, na wewe kwenye skrini unaona lori linakwenda, linastaki, linaruka, linastaki tena. Mtu anadhani kadi ni mbovu, kumbe haijapewa kazi.

Niliposikia hivyo nilitaka kujipiga kofi. Mimi ndiye mtu wa kubebesha miche, wa kuunga kikonyo cha mti mmoja juu ya shina la mwingine, Joeli. Kila siku nawaambia wasichana wa hapa kitaluni wapime unene wa mche na unene wa kikonyo kabla ya kukata, vilingane, la sivyo havishikani na mche unakauka. Nimelisema hilo mara ngapi mbele yako. Halafu nikaenda Mbeya nikabeba kikonyo kinene nikaja kukibandika kwenye kijiti chako.

Basi nikasema lazima niiwashe mashine yenyewe nione ilikuwa inahangaikaje. Nilitaka kuliona kosa langu kwa macho. Usiniulize lingenisaidia nini. Ila mashine haikuwepo. Na hapa naomba unisamehe, maana hili nalo nililifanya mimi.

Siku ya kuondoa msiba ukoo ulikaa kugawa vitu vyako. Unavyojua mambo yetu, nguo, viatu, jembe, kila kitu kinatajwa, katibu anaandika, kisha wakubwa wanasema hiki kiende wapi. Mimi niliambiwa nitaje vya chumbani kwako. Na kwa kiherehere changu cha kutaka watu wajue kwamba nilikujali, sikusema kompyuta. Nilisema, "Kompyuta, na kadi niliyomnunulia." Katibu akaandika vitu viwili. Baba Mdogo wa kijijini Yakobi akauliza hiyo kadi ni nini, nikajibu ndiyo ya thamani kuliko vyote. Wakubwa wakafurahi, wakasema hapo ukoo umerahisishiwa. Kompyuta iende Yakobi kwa Baba Mdogo, kadi iende Makambako kwa Shangazi, ili kila upande ubaki na ukumbusho wako.

Oska alisimama akajaribu kueleza kwamba kadi inakaa ndani ya kompyuta, ni kitu kimoja. Akaambiwa kwa upole kwamba haya ni mambo ya ukoo. Akapewa bisibisi, akaitoa kadi mbele ya watu wote huku machozi yanamtoka, wazee wakadhani analia msiba. Na mimi nikakaa kimya. Ningefungua mdomo ningelazimika kusema kwamba sijui nilichokinunua.

Mwezi wa nane uvumilivu ukaniisha. Nikaenda Yakobi. Baba Mdogo alikuwa shambani anapalilia viazi, na koti lake lile lile, tukasalimiana, "Kamwene," tukaingia ndani. Mashine yako ilikuwa sebuleni, juu ya meza ndogo peke yake, imefunikwa kitenge, na kioo chake pembeni. Akaniambia kwamba waliichomeka kwenye umeme siku ile ile ya kwanza. Taa iliwaka, feni zikazunguka, lakini kioo kikabaki cheusi. Wakazima, wakawasha, cheusi. Akanitazama akasema, "Imekataa. Imemfuata mwenyewe." Tangu siku hiyo hakumruhusu mtu aiguse. Mama Mdogo anaifuta vumbi kila Jumamosi.

Ningeweza kumweleza kwamba prosesa yako haijui kuchora hata herufi moja, kwamba bila kadi kioo kitabaki cheusi mpaka mwisho wa dunia. Nilianza. Nikamwona uso wake nikaacha. Nikamwomba aniazime mpaka Jumapili. Akafikiri sana, maana kitu kilichogawiwa na ukoo hakirudishwi kienyeji, kisha akasema kuazima si kurudisha. Akanifungia kwa kamba mwenyewe.

Kesho yake nikaenda Makambako kwa Shangazi. Nilipita pale mahali. Sikufumba macho, lakini sikuona kitu, ni miti tu ya mbao pande zote mbili na nyasi. Nilipofika Shangazi alinipokea kwa chai na viazi kama kawaida yake, lakini Joeli, yule si Shangazi aliyetulea. Amepungua. Na nyumba ilikuwa kimya. Unakumbuka ile nyumba haikuwahi kuwa kimya tangu siku tulipohamia baada ya Mama kufariki. Redio ilikuwa inaanza kabla ya jogoo, kwaya, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, kwaya tena. Nikadhani labda umeme umekatika.

Kadi yako ilikuwa kabatini, kwenye rafu ya vikombe vya wageni, imewekwa juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe. Akaniuliza, hivi mwanangu, hizi feni mbili zinawashwaje? Amezitafutia waya hakuziona. Nikamwambia si feni. Akasema hata yeye alishangaa, kwa baridi hii yetu Joeli angefanyia nini feni. Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu ufe, naye akacheka, halafu akaacha ghafla.

Nilipoiomba kadi alinipa bila swali. Ila aliniuliza kitu kingine, na aliniuliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa tayari mlangoni. Aliuliza kama siku ile hukuniambia unakwenda Makambako kufanya nini. Mara zote tatu nikamjibu hukuniambia. Niliona ananitazama mikono, hanitazami usoni. Nikajua ameshasikia habari za kadi, kwamba Oska amemwambia, kwamba anajua ni mimi. Nilirudi Njombe na kadi mapajani.

Jumamosi Oska akaja nyumbani na bisibisi zake. Akaisafisha kadi vumbi, akaipachika, akafunga waya, akawasha. Kioo kikawaka. Picha ya Shangazi akiwa amevaa kofia yako ikatokea, nikageukia ukutani kwanza. Oska akafungua gemu lako la malori. Mimi nikasimama nyuma yake, mikono kiunoni, nikisubiri kuona linavyostaki. Nilikuwa tayari.

Halikustaki.

Lori lilikwenda. Likapanda mlima, likashuka, likapita daraja, laini kabisa. Oska akasema haiwezekani. Akabonyeza kitu, pembeni ya kioo zikatokea namba, akazisoma kwa sauti: prosesa inafanya kazi lakini haijaelemewa, kadi nayo ina kazi yake ya kutosha. Akaingia kwenye setingi, akawa anasogea taratibu na kutikisa kichwa. Mwishoni akageuka akaniambia, "Dada, aliisawazisha. Hakuhitaji prosesa tena."

Akanionyesha ulichofanya. Uliifungia mashine mwendo, isikimbilie picha nyingi kuliko prosesa inavyoweza kuhesabu. Kila kilicho cha kuchora, ulikipandisha mpaka juu, kwa sababu kadi ilikuwa na nguvu za bure: majani, mawingu, vivuli, maji yanayong'aa. Na kila kilicho cha kuhesabu ulikipunguza. Ulipunguza watembea kwa miguu. Ulipunguza magari, mpaka yakawa karibu hakuna. Nikaitazama barabara yako, pana, safi, misitu pande zote kama ile ya kwetu, na lori lako peke yake. Hakuna gari lililokuja mbele yake dakika kumi nzima. Ilibidi nitoke nje.

Niliporudi Oska alikuwa amepata picha uliyoipiga ya kioo chenyewe, yenye zile namba pembeni. Uliipa jina "imekubali". Ilikuwa ya Jumatano jioni. Kesho yake ndipo ulipoondoka.

Jumatano jioni, Joeli. Nakumbuka. Uliniita kutoka chumbani, ukasema, "Dada, njoo uone." Nilikuwa natafuta magunia ya kufunikia miche, sakitu ilikuwa inakuja, nikakujibu kesho. Hukusema tena. Hilo ni kosa langu, ni la kweli na ni dogo, watu wanalifanya kila siku nyumbani kwao. Nimelilia hilo kuliko lile kubwa.

Ungedhani nitapumua. Kadi haikukuua. Ulikuwa umeshamaliza kazi, mashine inakwenda, prosesa ya nini tena? Badala yake nikachanganyikiwa zaidi. Miezi mitatu nilikuwa na sababu ya kifo chako, mbaya, lakini ipo, naishika. Sasa mikono mitupu. Kama hukufuata prosesa, ulifuata nini Makambako? Nikaanza kuzunguka tena, chumbani kwako, jikoni, kitaluni, mpaka wasichana wakaniuliza kama nimeangusha kitu.

Jumapili baada ya ibada niliirudisha mashine Yakobi, ikiwa nzima na kadi yake ndani, ili Baba Mdogo aone hakuiharibu yeye. Nilimwashia. Akavua kofia. Nikamwonyesha vitufe, akaendesha lori lako kwa uangalifu mkubwa, akiwa amekunja uso, akagonga uzio mmoja akaomba radhi. Akasema barabara hii nzuri ila haina watu. Halafu akasema yeye mzee, hana mkono wa vitu hivi, ikae kwangu mpaka ukoo utakapokaa tena, na atawaambia katibu alikosea kuandika. Nikamwambia katibu hakukosea. Akasema najua, lakini ndivyo tutakavyosema.

Jumatatu nikaenda tena kwa Shangazi. Sikupeleka chochote. Nilitaka kumuuliza ile "mara tatu" yake ilikuwa ya nini.

Nilimkuta anachambua maharage nje. Nikakaa. Kweli, nilikaa, juu ya kigoda, nikachambua naye. Nikamwambia Shangazi, siku ile uliniuliza Joeli alikuja kufanya nini huku, na mimi sijui, ila naona wewe unajua. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nikatamani nisingeuliza.

Akasema, "Mimi ndiye niliyempigia."

Kisha yote yakatoka kwa mfululizo. Redio ilikuwa inakwaruza. Alikuwa amekupigia Jumatano akasema ukipata nafasi upite uiangalie, haina haraka. Ukamwambia Shangazi, kesho asubuhi nipo hapo. Alikuwa amekuchemshia viazi. Uliposhindwa kufika akadhani umeahirisha, akavifunika. Amekaa na hilo kutoka msibani mpaka leo. Pale kwenye kikao alitaka kusema, akaogopa. Redio ameisukuma chini ya kitanda, hataki hata kuiona. Akaniambia, mwanangu, nimemuua mtoto wa kaka yangu kwa ajili ya kwaya.

Joeli, sikiliza nilichofanya. Sikupanga. Sikufikiri hata kidogo. Nilimwona yule mama aliyetulea, aliyetufungia madaftari kwa magazeti ili yasichafuke, ameinama juu ya ungo na mabega yanatetemeka, na nikajua uzito alioubeba kwa sababu mimi nilikuwa nimeutua juzi tu. Kila kona yake naifahamu.

Nikamwambia, "Hapana Shangazi. Alikuwa na safari yake. Alikuwa anafuata prosesa."

Akainua uso. Nikaendelea. Nikamweleza yote, kadi ya Mbeya, muuzaji, jinsi nilivyosema uongo dukani, jinsi kadi ilivyokuwa kubwa kuliko prosesa, gemu likawa linastaki, ukahangaika wiki nzima, ukamwambia Oska lazima uende Makambako. Vyote vya kweli, ila nikaishia hapo. Nikasema ungekuja hata asingekupigia. Redio ungeipitia tu, kwa vile ulikuwa njiani. Akaniuliza, kweli? Nikasema kweli. Nimekusingizia, mdogo wangu.

Alinitazama sana. Halafu akauweka ungo chini, akasimama kwa shida, akaja akaniwekea mkono kichwani kama zamani tukiumwa. Akasema nisijilaumu, nilikuletea zawadi kwa upendo, Mungu anajua, wewe unajua. Akaanza kuniombea, kwa Kibena, pole pole, akimwomba Mungu anitue mzigo. Nikalia, Joeli. Nilisamehewa kosa ambalo si langu na nililia kama ni langu, na nilipomaliza nilikuwa mwepesi. Sielewi ilikuwaje. Nikasema Amina.

Lakini humjui Shangazi? Akajifuta uso kwa kanga, akaniambia basi ninyanyuke, twende tukakichukue alichokuwa anakifuata mtoto. Nikasema si lazima. Akasema ni lazima, kitu alichokifia mtu hakiachwi dukani. Nikampigia Oska nikiwa uani, nikamwomba aniambie prosesa gani inayoingia kwenye bodi ya mashine yako. Akashangaa, akaniambia mashine haihitaji. Nikamwambia Oska, nitajie tu jina. Akataja, nikaandika kiganjani.

Njiani kuelekea dukani nilikifumba na kukifumbua kile kiganja chenye jina. Niliona uongo wangu unavyokwenda kufa mbele ya kaunta. Na kweli, tulipofika tu Shangazi akamuuliza muuzaji, baba, kuna kijana wa Njombe, mrefu, mpole, alikuwa aje kuchukua prosesa mwezi wa sita? Muuzaji akaacha alichokuwa anakifanya. Akamtazama Shangazi, akanitazama mimi, sijui aliona nini usoni kwangu. Akasema, "Wanakuja wengi kutoka Njombe, Mama. Huenda nilimwekea." Akageuka kutafuta kwenye visanduku vyake, na ikapatikana, iliyotumika lakini nzima. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga, na hakunipa mpaka napanda gari. Nilipompigia jioni kumwambia nimefika salama, nyuma yake nilisikia redio. Ilikuwa bado inakwaruza.

Nitakwenda kuitengeneza na Oska wiki hii.

Prosesa imeshafungwa. Oska alinuna kidogo, akasema tumeweka kitu kwenye mashine iliyokuwa imetulia, kisha alipowasha akaacha kununa. Anasema sasa vinalingana kweli, bila kubanwa. Ile kamba uliyoifungia mwendo imeondolewa. Nimejifunza kuendesha, vibaya, nagonga kila kitu. Jana nikaingia mwenyewe kwenye setingi, nikatafuta pale ulipopunguza magari, nikapandisha hatua moja. Yakaja mawili, upande wa pili wa barabara. Nilishika usukani, yaani vile vitufe, mpaka vidole vikauma. Yakapita.

Nakuahidi nitayaongeza kidogo kidogo. Nakuahidi mtu akiniita nije nione, nitakwenda saa hiyo hiyo, miche itasubiri. Na nakuahidi nitalibeba hili neno nililomwambia Shangazi mpaka mwisho, bila kumwambia Oska, wala Baba Mdogo, wala mchungaji. Daftari hili nikilifunga nalichoma.

Kwaheri, Joeli wangu. Bado neno moja. Shangazi amezeeka, huenda akakufikia kabla yangu. Atakusalimia, atakuangalia kama umekula, halafu atakuuliza, namjua, hawezi kuacha kuuliza. Mwambie ulikuwa unafuata prosesa.

Dada yako,
Rehema